Vigingi Arobaini na Kimoja vya Mjomba

Kwa Bibi Mwanahalima,
Njia ya Dutumi, kupitia Mlandizi,
Wilaya ya Kisarawe.

7 Oktoba, 1956

Mpendwa Mjomba Mwinyimadi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na mkaza mjomba Mwanamvua na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichorudi nacho kutoka Uingereza miaka ile kimekwisha. Bibi amesema nisiandike neno lolote kabla ya kuulizia kikohozi. Anasema pia unywe maji ya tangawizi asubuhi na jioni, hata kama madaktari wa mjini watacheka.

Sisi hatujambo. Mguu wa Bibi umevimba tena lakini anatembea. Muhogo umesimama vizuri isipokuwa ule wa karibu na bonde, ambao nguruwe wameufukua. Mvua za vuli bado, ingawa mawingu yameanza kukusanyika upande wa Ruvu kila jioni, na mimi huyatazama kuliko mtu yeyote hapa kijijini. Sababu utaisoma mbele.

Mjomba, hii ni barua ya kumi na tisa kutoka nyumba hii tangu Idi. Zote zimeandikwa kwa mkono wangu, lakini kumi na saba zilikuwa maneno ya watu wengine. Moja tu ilikuwa yangu, niliyoiandika mwezi wa nane, nawe hukuijibu. Sikasiriki. Najua Baraza la Kutunga Sheria lina mambo ya nchi nzima. Lakini naomba hii uisome mpaka mwisho, hata ukiisoma ukiwa unakula.

Tangu Gavana alipokuteua uingie katika Baraza, watu hawaji tena hapa kumjulia hali Bibi. Wanakuja kukuandikia wewe. Nikitoka shule nawakuta barazani, na Bibi ameshawaandalia kigoda na kuniwekea kalamu, wino na karatasi zangu za hesabu. Mmoja anataka umwagize mkwewe amrudishe mke. Mwingine anataka mwanawe awe dereva wa lori la serikali, naye mwana hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli. Mzee Shomari, jirani yetu wa bondeni, anataka bunduki ya kuwaulia nguruwe, na kwa kuwa hukumjibu, anadhani niliandika vibaya, basi kila wiki anarudi tuiandike upya. Juzi aliniambia niongeze kwamba nguruwe hao ni wakubwa kuliko walivyokuwa katika barua ya kwanza.

Nimejaribu kuwaeleza kwamba mjumbe wa Baraza husimama na kuuliza maswali, kisha wakubwa wa serikali hujibu. Mwalimu Zubeda alitufundisha darasani na mimi nilielewa. Wao hawaelewi. Wananiuliza, sasa mtu mzima anayeuliza tu, na anayejibu ni mwingine, mkubwa ni nani hapo?

Bibi naye haisaidii kazi yangu. Wageni wakiwa wengi huwasimulia habari zako tangu mwanzo. Husimulia ulivyokuwa ukichimba vifereji shambani ili maji ya mvua yasiubomoe ukuta wa jiko. Husimulia ulivyoshika mnyororo wa kupimia wa yule Mzungu mpima ardhi, mpaka siku moja ukamwambia kwamba amehesabu vibaya, naye badala ya kukufukuza akakupa daftari lake. Kisha ukasoma, ukapelekwa Uingereza miaka minne, ukarudi injinia. Mpaka hapo mimi husikiliza kwa furaha. Lakini baadaye huwaambia kwamba ulijenga daraja la reli la Ruvu, nami najua kwamba daraja hilo lilijengwa na Wajerumani kabla hujazaliwa. Nilipomsahihisha mbele ya wageni aliniambia niende nikaangalie chungu jikoni. Jikoni hakukuwa na chungu.

Anayeniudhi zaidi ni Abdala, yule mtani wetu Mnyamwezi anayechoma mkaa. Alipita hapa Ijumaa akakuta watu barazani, akaweka gunia chini kama mtu aliyekuja kukaa. Akasema: "Mwanenu alipokuwa akijenga kwa nyundo tulimwona. Sasa anajenga kwa mdomo, na mdomo wenyewe uko Dar es Salaam."

Watu walicheka, Mjomba, hata wale waliokuja kukuomba. Bibi alimjibu kwamba babu yake alifika hapa na mzigo kichwani na mpaka leo wajukuu hawajui pa kuutua. Wakacheka zaidi. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anasema juu ya mto wetu.

Unaujua mto huo vizuri kuliko mimi. Unakumbuka kwamba mwaka wa 1952, ulipokuwa bado injinia wa barabara, ulikuja na watu sita ukapima njia kutoka hapa mpaka barabara kuu ya Mlandizi, na mahali pa daraja. Mimi nilikuwa mdogo, nilikubebea kopo la rangi nyekundu. Ulisema mwaka utakaofuata nitavuka kwa viatu vikavu. Kisha ulihamishiwa Mbeya, kisha Mwanza, kisha ukaacha uinjinia ukaingia Barazani. Mpaka leo tunavuka juu ya gogo. Shule iko ng'ambo. Vuli ikianza, gogo huzama, na shule kwetu huwa imekwisha mpaka maji yapungue.

Mwezi wa saba Mwalimu Zubeda alileta gazeti darasani akasoma swali lako. Uliuliza daraja letu litajengwa lini. Darasa zima lilinigeukia, nami nilikaa wima. Kisha akasoma jibu. Mkubwa aliyejibu alisema ramani za upimaji ule hazionekani, na vigingi bila shaka vimekwisha kung'olewa na wenyeji kwa kuni, kwa hiyo lazima njia ipimwe upya, fedha zikipatikana. Gazeti lilisema mheshimiwa mjumbe alishukuru akaketi.

Nilisikitika sana kusikia kwamba uliketi. Ulipokuwa injinia usingeketi. Ungekuja hapa kutazama. Umekwenda Mbeya na Mwanza na Uingereza, na kutoka kwako mpaka hapa hazifiki maili hamsini, lakini ni mwaka na nusu hatujakuona. Nisamehe kama nimevuka mpaka wa adabu. Nimeiandika sentensi hii mara tatu, na mara zote tatu imekuwa hivyo hivyo.

Basi kwa kuwa hukuja kutazama, nilikwenda mimi.

Nilikwenda Jumamosi mbili, na Mzee Shomari alifuatana nami kwa sababu anajua kila kichaka, ingawa njia nzima alinikariria barua ya nguruwe. Mwalimu Zubeda alinipa daftari la miraba. Mjomba, vigingi vyako vipo. Havikung'olewa. Vyote vina namba yako na ile pembetatu nyekundu chini yake, rangi imepauka lakini inasomeka. Namba 22 imeliwa na mchwa, kimebaki kipande cha urefu wa kiganja. Namba 30, iliyokuwa ukingoni, imekwenda na maji. Vingine arobaini na kimoja vimesimama.

Nilimwuliza Mzee Shomari imekuwaje, maana hapa kwetu hata mti wa uzio hauponi wakati wa masika, watu wakitafuta kuni kavu. Alinishangaa. Alisema, nani atang'oa kitu cha mizimu? Hapo ndipo nilipoelewa. Ulipokuwa ukipima ulivifunga vitambaa vyeupe ili vionekane kwa mbali. Watu waliona mtoto wa hapa, msomi, anatembea kimya toka kijijini mpaka mtoni, anachomeka miti ardhini na kuifunga vitambaa vyeupe, wakajua kwamba unautambikia mto kwanza kabla ya kuujengea. Walikusifu kwa kutosahau mila ya wazee. Tangu siku hiyo hakuna aliyevigusa. Katika shamba la Mzee Shomari jembe limezunguka namba 17, muhogo umepandwa duara, na katikati kigingi chako kimekaa peke yake kama mgeni wa heshima. Kwenye namba 9 nilikuta unga wa mtama wa juzijuzi. Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa.

Najua kwamba jambo hili halitampendeza mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, na mimi mwenyewe nilitaka kumweleza Mzee Shomari kwamba ni vigingi vya serikali. Nilifungua kinywa, kisha nikakumbuka jibu la yule mkubwa kuhusu kuni, nikafunga. Sikusema uongo, Mjomba. Nilinyamaza tu. Nitawaeleza daraja likiisha kujengwa.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi nne za miraba. Nimeandika kila namba, imesimama mahali gani, na hatua ngapi toka kigingi mpaka kigingi. Najua hatua zangu si mnyororo, lakini nilizipima kwanza uwanjani kwa kamba ya shule, na Mwalimu Zubeda alikwenda kukagua vigingi vitano bila kuniambia, akaona ni sawa, akatia sahihi yake chini. Simama tena Barazani uwaambie kwamba upimaji haujapotea, upo ardhini, na wenyeji hawakuuchoma kwa kuni. Wale wale wanaokuchosha kwa barua ndio waliokutunzia kazi yako miaka minne. Na tafadhali, safari hii usiketi upesi.

Sasa jambo langu, lile la mwezi wa nane.

Mtihani wa darasa la nane ni tarehe 12 Novemba. Sikuombi daraja kabla ya siku hiyo, nina akili zangu. Vuli itaanza kabla ya mtihani, na gogo litazama. Mwaka jana Mwanne, aliyekuwa wa kwanza darasani mwake, alisimama ukingoni siku mbili akiwa na kalamu zake ndani ya mfuko, maji hayakupungua, mtihani ukapita. Mwezi wa pili wakamwoza. Sasa anakuja kuchota maji pale pale alipokuwa amesimama, na akiniona na vitabu huniuliza tumefika wapi katika hesabu. Sipendi kumjibu na sipendi kutomjibu.

Mama mkubwa Sikuzani wa Mlandizi amesema niende nikakae kwake kuanzia sasa mpaka mtihani uishe. Yuko upande wa shule, nitatembea bila kuvuka maji. Bibi amekataa. Hakatai kwa ukali, anakataa kwa utaratibu. Alisema: "Mtoto wa kike halali nyumba nyingine bila neno la mjomba wake. Mjomba wake yuko hai. Aseme."

Nilimwambia kwamba nitakuandikia, na jibu likija nitamsomea. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Wewe ndiye unayeomba, na wewe ndiye utakayenisomea kwamba umepewa. Nitajuaje?"

Katika nyumba hii hakuna msomaji mwingine. Ndiyo maana nakuomba hivi. Usimpe karani wako alipige jibu kwa mashine, kama zile salamu za Idi. Bibi aliipindua karatasi ile juu chini akasema si yako. Andika mwenyewe mstari mmoja kwa mkono wako, na chini yake chora pembetatu nyekundu, kama ulivyokuwa ukiichora chini ya jina lako katika barua za Uingereza, na kama iliyopo kwenye vigingi. Bibi hasomi, lakini ile anaijua. Akiiona hatauliza nani amesoma.

Nikifaulu, Mwalimu Zubeda anasema kuna shule ya kuendelea. Huwa wananiuliza nataka kuwa mwalimu au muuguzi, nami huwajibu mwalimu, kwa sababu jibu hilo halina maswali. Lakini nilipokuwa nikihesabu hatua baina ya namba 12 na namba 13, na kigingi kikatokea mahali pale pale nilipokuwa nimekisia, nilitamani kitu kingine. Nitakuambia siku utakayokuja.

Kuanzia leo mpaka tarehe 12 Novemba sitamwandikia mtu barua. Nimewatangazia barazani, na Mzee Shomari amenuna. Kwa hiyo namwekea hapa: anaomba bunduki, nguruwe ni wengi, na ukubwa wao ni wa kawaida. Mjibu hata kama jibu ni hapana. Alitembea nami siku mbili.

Nisalimie mkaza mjomba Mwanamvua, umwambie kitambaa alichonipa nimekishona gauni la mtihani. Nisalimie watoto, hasa mdogo, ambaye hajui bado kwamba ana dada huku. Mama mkubwa Sikuzani anakusalimu, na Abdala pia anakusalimu, ingawa salamu zake nimezipunguza. Mungu akupe afya na sauti, akufungulie mlango wa kila unachowaombea watu, na akurudishe nyumbani kwa miguu yako kabla Bibi hajachoka kutazama njia.

Basi la posta linapita Mlandizi Jumanne. Bibi bado anasema hapana. Lakini leo asubuhi nimekuta mkeka wangu umekunjwa na kuegemezwa mlangoni pamoja na ndoo ndogo yenye kifuniko. Nilipomwuliza, alisema ameuweka pale upate upepo.

Mpwa wako akupendaye, mwenye kungoja mstari mmoja,

Tatu binti Kondo