Nilifuta Kitongoji kwa Sababu ya Neno "Balabala"

Mama Dominika, shikamoo. Nasoma ushauri wako gazetini kila wiki, na leo naomba unisome mimi hadi mwisho ndipo unigombeze, maana najua utanigombeza, na nimechoka kujigombeza peke yangu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Sumbawanga mjini, mtoto wa wakulima wa ulezi huku juu Ufipa, na kwa miaka minne nimekuwa mmoja wa wasimamizi watatu wa ramani ya mtandaoni ya eneo letu, ile ambayo kila mwenye simu anaruhusiwa kuingia na kuchora anachokijua, njia, zahanati, kisima, nyumba, na sisi wasimamizi tunapitia na kusafisha kwa kujitolea tu. Mwaka juzi tulimfungia akaunti mfugaji mmoja wa bondeni, kule chini ya Mtowisa, anaitwa Mboje, kwa sababu aligombana na wakulima waliowanyima ng'ombe wake maji, akaingia kwenye ramani akaandika kwamba kisima chao kimekufa, wakati kilikuwa kizima kabisa, na akina mama wa vijiji vya jirani wakahangaika mwezi mzima kufuata maji mbali kwa uongo wake. Tukamfungia moja kwa moja, tukapitisha na sheria kwamba aliyefungiwa akirudi kwa jina lingine, chochote alichochora kifutwe bila kusomwa. Sheria hiyo niliiandika mimi, na niliionea fahari.

Novemba iliyopita akaingia mtu mpya, jina Jenifa, akachora kitongoji kizima cha Mwabulenga, huko huko bondeni, nyumba thelathini na moja, ambacho hakikuwahi kuonekana kwenye ramani yetu, akachora kwa uangalifu hadi mahali pa kuvukia korongo, nami nikafurahi, nikaanza kumwandikia pongezi, mpaka nilipofika kwenye maelezo yake nikakuta "balabala haipitiki masika", nikashtuka, kwa sababu Mboje alikuwa akiandika hivyo hivyo, balabala badala ya barabara, na kila mara nilikuwa namsahihisha. Nikasema huyu ni Mboje kajificha kwenye jina la mwanamke. Sikumwuliza. Nilibonyeza mara moja nyumba zote zikaondoka, akaunti nikaifunga, nikarudi kusahihisha madaftari ya darasa la sita.

Februari timu ya chanjo ilishuka bondeni na ramani yetu mkononi, wakafika nyumba ya mwisho iliyochorwa, wakageuza gari. Aprili surua ikaingia Mwabulenga. Watoto wawili wamekufa, Mama Dominika. Nimeambiwa na muuguzi niliyesoma naye, na mmoja wao ni binti wa Jenifa, wa miaka miwili. Kumbe Jenifa yupo kweli, ni mke wa mdogo wake Mboje, na Mboje mwenyewe alihamia Chunya na ng'ombe wake tangu kiangazi cha mwaka juzi, ingawa najiambia kwamba simu zipo, huenda alimtuma.

Juzi kondakta wa basi la Mtowisa aliniletea shuleni karatasi kutoka kwa Jenifa. Imechorwa kwa kalamu ya bluu, nyumba zote, korongo, na barabara imeandikwa balabala. Chini kuna mstari mmoja: "Mwalimu, naomba uichole wewe." Hakuna lawama hata moja. Heri angenitukana.

Timu inarudi baada ya wiki mbili, na ramani inachapishwa Ijumaa. Wasimamizi wenzangu, Valerian na Rhoda, wanasema karatasi ya aliyefungiwa ni sawa na kuchora kwake, tukimlegezea mmoja watarudi wote, na habari za watoto sijawaambia, na nikiirudisha Mwabulenga kila mtu ataona ni nani aliyeifuta na siku gani, maana ramani inatunza kumbukumbu ya kila kitu. Nikishika kalamu nyekundu nasahihisha mstari mmoja, naiweka chini. Nifanye nini?

Mwalimu F., Sumbawanga

*

Mwalimu, marahaba, na pole. Surua hukuileta wewe, wala si wewe uliyegeuza gari bila kuuliza kama kuna watu mbele. Hilo nakuondolea. Yanayobaki ni yako, na ni mazito.

Umeandika mwenyewe kwamba Mboje yuko Chunya tangu mwaka juzi, halafu ukapita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Rudi hapo. Huko bondeni wanaosema balabala ni wangapi? Mimi nimeuza mchele Mtowisa miaka sita, nakwambia ni nusu ya soko. Hukumtambua Mboje, ulitambua lafudhi. Umemfungia mama wa watu kwa namna ulimi wake ulivyozaliwa, ukaita hiyo ni sheria. Na bado unatafuta "huenda alimtuma" ili ulale.

Haya, tuseme ni Mboje kweli. Nyumba zilikuwepo au hazikuwepo? Mwongo anapigwa marufuku kwa sababu ya uongo, na ulifanya vizuri kumfungia, abaki huko huko. Lakini hata mwongo akikuambia kuna watu wanaishi kule, kazi yako ni kwenda kutazama, si kuwafuta watu ili yeye akome. Sheria yako ilimlenga yeye ikampata mtoto.

Sasa acha kulia unisikilize. Ukishaweka gazeti hili chini, mpigie mratibu wa chanjo, mtajie Mwabulenga na idadi ya nyumba, usingoje ramani. Kesho panda basi la Mtowisa na ile karatasi. Tembea, hesabu nyumba kwa macho yako, kisha uchore kwa jina lako wewe, ili kukiwa na kosa liwe lako. Wenzako wasiulize tena nani alileta habari. Waulize nani amekwenda kuhakiki. Wasomee barua uliyoniandikia mimi, na habari za watoto usiziruke. Watakusema. Wakuseme.

Akaunti ya Jenifa ifunguliwe leo, na uandike pale pale, hadharani, kwamba ilifungwa kimakosa na aliyeifunga ni wewe.

Halafu nenda kwake. Kaa chini, mpe pole ya msiba kwanza, ndipo umwambie ulichofanya. Usimwombe akusamehe siku hiyo. Hana deni la kukupunguzia mzigo. Huenda hutasamehewa, Mwalimu, na itabidi uendelee kufundisha hivyo hivyo.

Kalamu nyekundu iache nyumbani. Ukimaliza kuchora, mpe Jenifa simu aangalie. Akikuambia balabala imekaa sawa, basi imekaa sawa.

Mama Dominika