Chagua Yenye Mlango

Kasongo, 4 Februari 2024

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana. Goti linaendeleaje? Mimi niko mzima, ila joto la maktaba hii litaniua siku moja.

Mkuu wetu wa chuo amenipa kazi: nichague programu ya kompyuta ya kuhifadhia sauti za wazee, watu wazisikilize hata wakiwa Kindu au Ulaya. Ziko mbili. Zote ni za bure, na ufundi wake uko wazi, yeyote anaweza kuzirekebisha. Ya kwanza, iitwayo DSpace, kila kitu unakiwekea mlango na ufunguo wake, lakini inataka mashine nzito, na sola yetu imechoka. Ya pili ni nyepesi, ila ukiweka kitu, kila mtu anakifungua.

Mama, ule wimbo uliomlilia nao kaka Salomon siku ya mazishi, nilioukamata kwenye simu, naomba niuweke. Sitaki upotee pamoja na wewe.

Mwanao, Nadine

Wamaza, 21 Februari 2024

Nadine mwanangu,

Barua yako Ramazani wa pikipiki ameileta, na matope juu. Goti linauma, mihogo imekubali. Kumbe umeshanizika! Bado niko, na ninakula.

Wimbo ule bibi yako alinipa siku ile ile ya mazishi, kama na yeye alivyopewa. Ni wa mwanamke aliyezika mtoto. Wanaume huondoka kwanza ndipo tunaimba, na tunataja jina la marehemu. Wewe ulibaki, ingawa hujazika mtoto, kwa sababu ulikuwa umenishika nisianguke.

Uweke, kwa ajili ya wanawake wa kesho. Lakini chagua yenye mlango. Mkiambiwa mngoje sola, ngojeni. Haraka haraka haina baraka.

Mama yako, Anastasie

Kasongo, 11 Mei 2024

Mama mpenzi,

Habari za siku nyingi? Hapa ni furaha tupu. Wageni wa mradi huu wa sauti walifika mapema, na mashine nzito haikuwepo, basi tukachukua ile nyepesi. Ni ya muda tu, tutahamisha baadaye. Wimbo wako uliwaliza wageni! Usinikasirikie.

Mwanao, Nadine

Kasongo, 2 Julai 2024

Mama,

Hujambo? Ramazani anasema barua alikupa mkononi. Mbona kimya? Niandikie hata mstari mmoja, moyo wangu hautulii.

Nadine wako

Wamaza, 19 Agosti 2024

Nadine,

Nakusalimu. Goti ni lile lile.

Juma lililopita Sonia wa jirani alizika mwanawe, Alain, wa miaka sita. Wakaniita. Wanaume walikuwa bado wanashuka njiani nilipoanza. Nikataja Alain. Kule njiani vijana wakaitikia: Salomon. Hawakucheka, mwanangu. Walidhani wananisaidia. Wimbo wanao wote kwenye simu, umetoka kwenu.

Mmoja akarudi akaniambia, "Mama, iko hivi, jina ni Salomon, umesahau."

Nikauacha wimbo pale pale. Sonia alimzika mtoto wake bila wimbo, akiniangalia.

Usiniandikie kwamba utaufuta. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Nimekusamehe, wewe ndiye mtoto niliyebaki naye. Njoo Noeli, nitakupikia sombe ya majani ya mihogo yetu. Lakini simu uiache Kasongo.

Mama yako