Madirisha ya Banda

Talatala, Kyela
16 Mei 1993

Kaka yangu mpendwa Ambilikile,

Mugonile, kaka. Natumaini wewe, wifi na watoto mu wazima huko Karonga. Sisi tunapumua, ingawa mvua haijatuachia na maji yamelala kwenye mpunga wa bondeni. Goti la mama limepata nafuu. Sukari uliyompa Asajile imefika, ndaga fijo, asante sana.

Barua yako juu ya kifo cha ndama nimeisoma mara tatu. Ile uliyomwandikia mwenyekiti wa mradi wa kanisa ilisomwa jana mbele ya kamati yote. Ulitaka jirani yetu Angetile afutwe kwenye orodha ya wanaosubiri ng'ombe kwa kuwa alimlisha ndama kitu kibaya. Unajua masharti ya mradi: ndama jike wa kwanza wa ng'ombe tuliyepewa alikuwa wake. Tangu afiwe na mumewe anaishi kwa vibarua vya kupalilia, na ndama yule ndiye aliyekuwa tumaini lake.

Nikueleze ilivyoanza. Mvua ziliposhika, sakafu ya udongo bandani ikanywa mkojo mpaka ikashindwa. Ukiingia asubuhi, macho yanawasha na koo linakaba. Watu waliokwenda ibadani walifunika pua wakipita. Angetile alikuja mara mbili kuniambia kwa upole kwamba ndama anatokwa machozi, tuchimbe mfereji na kutandika pumba kavu za mpunga. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia asubiri apewe ng'ombe wake ndipo afundishe watu. Hata hivyo aliendelea kuja na majani mabichi, akimlisha ndama kwa mkono wake.

Kisha ikatangazwa kwamba wageni wa mradi wangekuja kukagua mabanda. Siku nne kabla hawajafika ndama akaanza kukohoa, akaacha kunyonya, akafa. Watu waliokuja kutupa pole waliuliza nani alimlisha mara ya mwisho. Nikasema ni Angetile. Hilo ni kweli, kaka, nami nikanyamaza hapo, nikijua vizuri watalipeleka wapi. Tangu siku ile hakuna aliyemwita kibaruani. Kisimani wanawake wanamwachia nafasi kama mgonjwa wa kuambukiza.

Jana kamati ilipoanza kuhesabu mikono ya wanaotaka afutwe, alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma, ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Nilisimama.

Sasa nakuambia wewe nililowaambia wao. Ndama hakulishwa sumu. Niliposikia wageni wanakuja, niliona aibu ya harufu ile. Badala ya kuiondoa, niliificha. Niliziba madirisha yote mawili ya banda kwa mikeka na nailoni, nikaufunga na mlango, ili njiani kusinukie. Mkojo ukachachia ndani na ndama akaivuta hewa ile siku tatu mchana na usiku. Alipokufa niliibandua mikeka kabla hakujapambazuka. Bwana mifugo alipompasua alisema mapafu yameharibika, akaniuliza banda linapata hewa? Nikamjibu linapata.

Baada ya mkutano nilimfuata Angetile nyumbani kwake, nikapiga magoti mlangoni. Hakusema amenisamehe, wala hakunifukuza. Aliniuliza jambo moja tu: "Madirisha sasa yako wazi?"

Nilimwambia yako wazi. Leo nimeanza kuchimba udongo ulioloa, na fundi atainamisha sakafu ili mkojo utiririke hadi shimoni nyuma ya migomba. Kamati imemwacha kwenye orodha, ila sisi tumeondolewa kwenye mgawo ujao, na ndama jike atakayefuata wa ng'ombe wetu ni wake.

Kaka, jina lake ulilichafua kwa kalamu yako kwa sababu ya neno la ulimi wangu lililokufikia huko. Nakuomba umwandikie yeye mwenyewe, si mwenyekiti. Hasira yako niletee mimi.

Mama anakusalimu sana, bado hajui, nami sijui nitamwambiaje. Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Tulinagwe