Babu na Kifua Kilichombana

Lusia, uko wapi? Nakuandikia niko makaburini Kihesa, Mzee Saulo tumeshamzika. Babu katuaibisha. Au kajiaibisha mwenyewe, hata sielewi.

Yale mashindano ya baiskeli ya mwaka hamsini na saba, Ifunda mpaka Iringa mjini, aliyomshinda rafiki yake Saulo? Yale tuliyosimuliwa tangu tunanyonya?

Kasimama mbele ya kaburi, kofia mkononi. "Sikushinda. Nilimdanganya."

Nilimdanganya! Mchungaji yuko pale pale!

Kumbe walikubaliana kupokezana kukaa mbele, kukata upepo. Babu akasingizia kifua kinambana. Saulo akamwambia, "Kaa nyuma yangu, Bartholomeo, ng'ang'ania gurudumu langu tu." Akamkingia upepo njia nzima. Kufika kile kilima cha Ipogolo, miguu ya Saulo imekwisha, Babu bado ana nguvu zake zote. Akachomoka, akamwacha.

Sasa analia, anamwambia mjane, Bibi Rozalia, "Shemeji, najua alijua. Alininyamazia tu miaka yote."

Bibi Rozalia kamwangalia weee. Halafu taratibu, "Hakujua, shemeji. Kila mtu alimwambia ulishinda ukiwa mgonjwa. Mpaka juzi hospitali, hata uji haupiti, aliniuliza kama kifua chako kimepona."

Kama kifua chake kimepona, Lusia.

Babu kakaa chini pale pale kwenye udongo. Watu wameshaondoka, yeye hataki kuinuka.