Kijiko cha Samli

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mama mkwe ameingia leo kutoka Kisii na kuku mmoja na chupa ya samli. Kumwona bwana yangu Arasa mlangoni, akalia. Kijana wake amekonda, kola ya shati inamcheza shingoni. Halafu akaniangalia mimi, si yeye. Nikamweleza: mwezi wa tatu kifua kilimshika kazini, kule factory ya chai. Clinic wakapima damu, wakasema ina mafuta mengi. Dawa kila siku, na chakula nichemshe tu. Mama akasema baba ya Arasa alikula samli maisha yake yote na aliuawa na mti. Nimeweka chupa juu ya kabati.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani wananong'ona. Eti Arasa ana ule ugonjwa. Wengine — eti namnyima chakula. Dorine jirani amenionyesha video ya daktari kwa simu: mafuta haina makosa, adui ni ugali na sukari. Nesi anasema mafuta, huyu anasema ugali. Tukitoa vyote tutakula nini, upepo? Arasa haongei mezani siku hizi. Anatafuna mboga yangu kama mtu anatumikia kifungo. Nimechoka kuwa askari jela wa bwana yangu.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua ya mawe. Tumeacha kuchuna majani chai mapema. Nimemkuta mama mkwe jikoni, kijiko cha samli juu ya sahani ya mboga ya Arasa. Hata hakushtuka, akaniambia:

"Mama Nyamusi, chinsaga bila samli tunapea ng'ombe."

Nikamwambia ataua mtoto wake. Akasema mimi nimeshaanza.

Nikatoka nje nikalia. Kwa dirisha nikasikia Arasa anacheka. Kicheko chenyewe, cha zamani. Sikurudi kuchukua ile sahani. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 12 Juni

Clinic, sisi watatu. Mafuta ya damu imeshuka! Nesi akanipongeza, eti nimepika vizuri, niendelee hivyo hivyo. Mama mkwe akaangalia sakafu. Mimi pia. Njiani Arasa akasema alikuwa anajua, samli ya kila siku haifichiki mdomoni. Kumbe madaktari ni waongo, akasema. Nikamwambia ni dawa ndiyo imeshusha.

Jumamosi, 14 Juni

Dawa iko chooni. Yote. Arasa amemwaga asubuhi tukiona — kama samli haikumuua, dawa ni ya nini? Nimemgombeza, nimempigia magoti. Anasema nilimlisha nyasi bure. Akaenda Kapsoit kutafuta nyama ya kukaanga, anapiga mluzi.

Mama mkwe amebaki jikoni na mimi. Akaniambia kitu hajawahi kuniambia. Siku ile mti ulianguka, wanaume wengine walikimbia. Mzee, baba ya Arasa, alikuwa ameshakaa chini, ameshika kifua.

Halafu akapanda kiti, akatoa ile chupa juu ya kabati.

"Enda duka la dawa, Mama Nyamusi, uombe zingine. Tutasaga tuchanganye na samli. Kwa mkono wangu atakula."

Nimeshavaa viatu. Bado nimekaa hapa naandika, na kule barabarani nasikia mluzi wa Arasa ukirudi.