Kondoo Yangu Njo Alianza

Carmen, uko? Leo nimejipatisha haya mbele ya mutaa yetu ya Panda muzima.

Unayua kondoo yangu dume, ule manyoya yanamutoka mugongoni. Minye nikajiambia: ni jirani Fortunée, anamumwangia maji ya moto sababu kondoo anakulaka mboga yake. Asubuhi nikaenda ku mulango yake, nikapiga makelele: "Fortunée, uko muntu ao uko shetani?" Bantu bakatoka mu manyumba. Shetani, Carmen! Nilisema shetani!

Ye aliita tu docteur wa mifugo, Athanase. Athanase akakwangula ngozi ya kondoo na wembe, akaweka ile unga-unga pa karatasi nyeusi, pa jua. Unga ikaanza kutembea. Kutembea!

Athanase akaniambia: "Mama Henriette, hakuna maji ya moto hapa. Ni upele. Tududu tunamukula."

Kisha akaangalia kondoo ine ya Fortunée. Yote inajikuna. "Mama, ya kwako njo ilianza. Inapitaka ku tundu ya lupango kati ya manyumba yenu, inaambukiza hizi."

Kumbe shetani njo minye.

Akasema yote ipigwe sindano leo, na ingine kisha juma mbili. Nikaomba masamaha mpaka sauti ikakauka. Fortunée akaniangalia, akaniangalia. Akasema: "Masamaha nimesikia. Sasa kuja ushike kondoo miguu."

Nimetoka kwake sasa hivi. Kondoo tano, Carmen, moja ilininyea nguo yangu yote. Fortunée alicheka mpaka machozi. Na minye nikacheka, huku najikuna.