Baba, Haikuwa Chumvi

Baba yangu mpendwa,

Wewe ndiye uliyeniruhusu kuchezea moto. Nilikuwa kidato cha pili, shule zimefungwa, nimerudi nyumbani Manyatta, na Mama anapiga kelele kwamba nitateketeza jiko lake. Chumvi ulinipa mwenyewe. Nikaimwaga motoni, na ndimi zikawa manjano tupu. Kisha nikachoma kipande cha waya wa shaba, moto ukawa wa kijani, nawe ukavua kofia.

"Wanja, hiyo rangi ilikuwa imejificha wapi?"

Nikakueleza kwa majivuno kwamba kila aina ya madini ikipata joto hutoa rangi yake. Tangu siku hiyo ukaniita Mwalimu, miaka mingi kabla sijafundisha kemia.

Mama alipofariki nilikununulia jiko la gesi, usihangaike na kuni na moshi. Ulijifunza kupika ukiwa na miaka sabini, ukawa unanipigia simu huku Meru kunieleza kila ulichopika, hata chapati zilizoungua.

Julai ile ulipiga asubuhi. Wanafunzi walikuwa wakinisubiri mlangoni mwa maabara.

"Mwalimu, moto wa jiko umegeuka manjano. Si ule wa samawati. Na sufuria inatoka nyeusi."

"Ni chumvi, Baba. Umelimwagia jiko mchuzi. Futa tu."

"Kama ile yako?" Ukacheka.

"Kama ile. Wacha niingie darasani."

Baba, chumvi haichafui sufuria. Ulitaja sufuria nami nilikuwa nimeshaacha kukusikiliza. Moto wa samawati ni gesi iliyopata hewa ya kutosha. Inaungua yote na kutoa joto lake lote. Ikikosa hewa inaungua nusunusu. Chembe za masizi ndizo zinazong'aa manjano, na pamoja nazo hutoka hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hayo nimeyaandika ubaoni mara ngapi!

Siku mbili baadaye kulikuwa na baridi na manyunyu. Ulifunga mlango na dirisha, ukabandika githeri ya mahindi na maharagwe. Jirani yako Mama Muthoni alikukuta mchana umeegemea meza. Daktari alisema ni ile hewa. Fundi alifungua jiko akakuta utando wa buibui umeziba tundu la kupitisha hewa. Watu wakasema ni bahati mbaya, nami nikaitikia. Nilisimama kando ya kaburi lako nikasoma wasifu wako wote, na simu ile sikuitaja.

Jumamosi iliyopita nilimwambia kaka yangu Njeru habari ya simu ile. Tulikuwa tunachuma chai yako. Akatua kikapu.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Na ukamjibu hivyo tu?"

Hakungoja jibu. Alichuma mstari mzima akinipa mgongo. Hajashika simu yangu tangu hapo, na simlaumu.

Siku hizi mwanafunzi akiniuliza jambo nikiwa na haraka, nasimama, namwambia alirudie lote, hadi mwisho. Wanasema mimi nina subira.

Msamaha sijui nikuombe vipi. Nilitaka usikie haya kutoka kwangu, si kwa Njeru: uliuona ule moto sawasawa, Baba, na ulinieleza yote niliyohitaji kujua.

Lala salama.

Ni mimi, binti yako.